Fimbo ya Mwinyijuma

Jioni ile nilikwenda dukani kwa Rehmatulla kununua mafuta ya taa. Ilikuwa mwaka 1986, vitu vimeanza kurudi madukani. Kesho yake nilikuwa niende Mto Zigi kuvua, peke yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Uweso, sasa una fimbo mbili za kuvulia, mume mmoja? Zamu utaziweza?"

"Nakwenda na mbili. Narudi na moja."

"Ipi?"

"Hii uliyoniuzia."

Rehmatulla akaacha kucheka. Akaziba chupa yangu kwa karatasi.

"Ile nyingine ina mwenyewe, bwana."

"Mwenyewe kafa."

"Mlimzika wapi?"

Nikalipa, nikachukua chupa yangu.

Fimbo mpya ilikuwa nyeusi, nyepesi, imeingia kwa njia ya Mombasa. Ya zamani ilikuwa ya mwanzi, yenye gurudumu la shaba la kukunjia mshipi. Ilikuwa ya Mwinyijuma, mume wa kwanza wa mke wangu Mwatumu. Aliachiwa na Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge. Miaka ya foleni za unga, Mwinyijuma alikwenda Zigi, hakurudi. Ukingoni ikaokotwa fimbo. Yeye hakuonekana. Ikasomwa khitma, Mwatumu akakaa eda, nikamwoa.

Fimbo ilikuja naye. Nilivua nayo na niliipenda. Hakuna iliyorusha vile ndoana ya manyoya, inayomhadaa samaki badala ya chambo. Lakini kila Alhamisi Mwatumu aliipaka mafuta ya nazi, taratibu, toka shina hadi ncha, kama anayemkanda mtu. Yangu mpya hakuigusa hata kwa bahati mbaya.

Nikapanga kuitupa ile ya zamani palepale ilipookotwa. Ndiyo maana sikutaka mwenzangu safarini.

Nilipofika nyumbani, Usagara, giza lilikuwa linaingia. Nikasimama ukumbini.

Krrr… krrr…

Gurudumu. Chumbani kwetu.

Chumba kilinuka tope la mtoni. Fimbo zote mbili nilikuwa nimezilaza mkekani, tayari kwa safari. Mpya ilikuwa imevunjika katikati. Ya zamani ilikuwa imeegemezwa dirishani, imelowa, na mshipi wake umepita nje, gizani.

Mwatumu akaingia na taa. Aliponiona akasimama.

"Umetoka tena saa ngapi?"

"Ndiyo kwanza naingia."

"Si ulikuja sasa hivi, umelowa chapachapa? Ukaniomba nywele ufungie ndoana, badala ya manyoya. Nikakukatia."

"Nilisema nini kingine?"

Akatazama chini.

"Uliniita Mwatu."

Sijawahi kumwita Mwatu.

"Ulijua si mimi."

Akarekebisha utambi wa taa.

"Mwatumu. Ulijua?"

"Eda yangu niliihesabu tangu siku ilipookotwa fimbo," alinong'ona. "Siku aliyokufa nani anaijua? Wala kama alikufa…"

Alikuwa anatabasamu. Tangu tuoane sikuwahi kuliona tabasamu lile.

Mshipi ukakaza.

Krrrrr…

Kichwa cha Mwatumu kikavutwa upande wa dirisha. Hakuna kilichomgusa, ila nywele zake zilikuwa kwenye ndoana huko nje. Alipiga hatua moja. Akapiga nyingine, taa ikiwa bado mkononi, kama mtu anayeitwa na wa nyumbani kwake.

Nikaukamata mshipi kwa mikono miwili, nikavuta. Ukanikata viganja. Huko nje, nyuma ya migomba, kitu nacho kikavuta. Hakikuvuta kwa pupa. Kilivuta kama mvuvi anayemjua samaki wake.

"Legeza, Uweso… Unaniumiza."

Nikavuta zaidi.

"Nywele zinang'oka. Legeza."

Kwenye mwanga wa taa niliona damu ikishuka kisogoni kwake, ikiingia ndani ya kanga.

"Yeye hanivuti hivi," akasema, polepole, bila kunitazama. "Legeza, baba."

Sikulegeza.