Shule Inaangaliwa Kisha Rekre

Tegua hii, mujukuu wangu: niko na nyumba moja, asubui inameza watu, saa sita ya midi inawatapika. Inawameza wadogo, kila mwaka inawatoa wakubwa kidogo, na yenyewe hainenepe hata siku moja. Ni nyumba gani?

Umesema shule. Umejibu muzuri. Mama Honorine naye angejibu vile, mbio kabisa. Lakini ilibaki kidogo tu nyumba ile imumezee mutoto bure. Kaa, nikuelezee.

Honorine na bwana yake Ézéchiel walikuwa wanakaa Kpandroma, ku milima. Walikuwa wanalima viazi na maharagi. Watoto wakubwa walikuwa wameoa na kuolewa, alibaki Christella peke yake, wa kalasi ya tano. Kila asubui Christella alichota maji, akakunywa chai, akatia madaftari ndani ya mufuko na kwenda shule. Mangaribi alimusomea mama yake habari za daftari, na mama alisikiliza huku anachagua maharagi.

Mwaka ule Ézéchiel alipata nafasi ya kuuzisha ku soko ya Bunia. Wakakubaliana kuhama mwezi wa tisa. Christella ataingia kalasi ya sita mu muji, na mwisho wa mwaka atafanya egzame ya mwisho ya primeri. Bila sertifika ya egzame ile, hakuna kuendelea. Honorine mwenyewe hakuipata. Alikuwa anaitakia mutoto wake sawa mutu mwenye kiu anavyotaka maji.

Mu mwezi wa tano bwana na bibi wakashuka Bunia kutafuta nyumba. Walipata moja mu mutaa wa Ngezi, karibu ya shule ya Leta, shule ya serikali. Mwenye nyumba aliwaambia waje na garanti, feza ya kutanguliza, kesho yake saa sita. Akawaonya kama garanti ikiingia mu mukono wake, haitoke tena.

Sasa, mu jamaa ya Honorine shule inaangaliwa saa ya drapo, bendera ikipandishwa. Baba yake alifanya vile, na baba ya baba yake. Unasimama ku mulango asubui, unaangalia watoto namna wanapanga mistari na kuimba. Mistari ikinyooka, shule ni nzuri. Basi kesho yake saa moja na nusu wakasimama pale. Ukuta ulikuwa na rangi mupya, manjanja ya juu, yale mabati, iling'aa. Watoto walivaa bleu na nyeupe. Drapo ilipanda, wimbo ukatoka muzuri mupaka Honorine akapanguza macho.

Ézéchiel alisema maneno imekwisha, hakuna ingine ya kuangalia. Akaenda kuchukua garanti kwa ndugu yake. Honorine alibaki kununua mandazi kwa mama mumoja mwenye aliuzishia pale ku mulango. Jina lake Berthe. Alikuwa mujane, na mu komite ya wazazi ya shule ya wajukuu wake, kule mutaa wa Shari. Honorine akamusifia shule ile, na mistari, na wimbo.

Berthe hakucheka. Akapanga mandazi yake.

—Mama, drapo ni dakika kumi. Mutoto anakaa ndani masaa tano. Weye mutoto wako ataingia kalasi gani?

—Ya sita.

—Basi angalia wale.

Watoto watano walikuwa wanatoka ku mulango, wanakuja mbio na makuta mu mukono. Ilikuwa saa mbili na nusu. Rekre, saa ya watoto kupumzika, ni saa ine.

—Hii ni kalasi ya sita, Berthe alisema. Wananinunulia tangu saa mbili, kila siku, juma ya tatu sasa. Mwalimu angekuwa ndani, wangekuwa hapa?

Honorine alibaki na mandazi mu kinywa, hatafune, hameze. Akauliza kama muzazi mugeni anaweza kuingia. Berthe akamwambia shule ya Leta ni ya watu, aingie kwa heshima, aombe direktere, mukubwa wa shule, asiogope.

Direktere alimupokea muzuri sana. Alimuonyesha manjanja mupya, alimuonyesha rangi. Honorine akaomba kuona kalasi ya sita. Direktere akasema angojee rekre ipite. Honorine akakaa ku kiti, akangojea. Rekre ikapita. Akasimama tena, na direktere akakosa pa kupitia.

Mulango ulifunguka, Honorine akaingia. Watoto mia moja na zaidi. Watano ku pupitre moja ya kuandikia, wengine chini ku mabloke ya matofali. Mwalimu hakuna. Kijana mumoja wa kalasi ile alisimama mbele na fimbo, ndiye alikuwa anachunga wengine. Ku tablo ya chaki kulikuwa tarehe ya juma tatu zimepita. Honorine akaomba daftari ya binti mumoja, binti wa kimo cha Christella. Akageuza ukurasa, akageuza ingine. Tangu tarehe ile, nyeupe tupu. Na kurasa zenye maandishi, hakuna alama nyekundu hata moja ya mwalimu kusahihisha.

—Mwalimu iko wapi?

Direktere akasema polepole kwamba Leta haijaanza kumulipa, basi ameenda kuchimba zahabu. Atarudia, pengine.

—Na mwaka uliopita, direktere, ni watoto wangapi wa hapa walipata sertifika?

Direktere akasema mwaka unaokuja watajenga ukuta wa pili.

—Naulizia sertifika.

Akaangalia saa yake, akasema ana mukutano, akaenda.

Honorine alitoka, akasahau hata kumuaga Berthe. Alikuwa anaona binti mwenye kurasa nyeupe, na binti alikuwa na uso wa Christella. Saa sita ilikuwa karibu. Alifika ku nyumba ile, Ézéchiel alikuwa ametoa bahasha tayari, mwenye nyumba amenyoosha mukono. Honorine akashika bahasha katikati ya mikono mbili.

—Baba Christella, tungoje.

—Unanipatisha haya mbele ya watu.

—Haya itapita. Mwaka ya mutoto haitarudia.

Mwenye nyumba akawaita watu wa mulima wenye kichwa nguvu. Wakaenda zao. Walipofika kwa Berthe, Honorine akamuelezea bwana yake yote pale. Ézéchiel akakaa chini. Naye aliona mistari ile ile. Naye alisikia wimbo ule ule.

Berthe akawafundisha. Muende siku ya kazi bila kutangaza, kisha rekre kupita, kwa sababu saa ile walimu wavivu wamekwisha kwenda. Muhesabu watoto, muhesabu na walimu. Muombe daftari, si moja, tatu. Muulize walimu wangapi wameondoka mu mwaka. Muulize wazazi wa komite, hawa wanajua siri za nyumba. Muangalie kama mabinti wako na choo yao yenye kufungika, na maji ya kunawa. Mutembee na miguu njia mutoto atapita. Na muulize habari ya sertifika, musiondoke bila hesabu. Nyumba mutaitafuta mukikwisha kupata shule.

Wakafanya vile siku mbili. Shule moja ilikuwa na walimu lakini hakuna choo. Ingine ilikuwa mbali, ngambo ya barabara ya malori. Ya tatu ilikuwa Shari, ile ya komite ya Berthe. Ukuta ulikuwa umepasuka, na manjanja ilikuwa na kutu mupaka Ézéchiel akakunja uso. Lakini kalasi ya sita ilikuwa na watoto makumi tano na wawili, na mwalimu mwenye chaki mupaka mu nyusi. Daftari tatu, alama nyekundu kila ukurasa. Honorine alipouliza habari ya sertifika, direktrise hakumungoja amalize. Akafungua kitabu: makumi ine na saba mu makumi tano.

Nyumba waliyopata Shari ilikuwa ndogo, na mvua inaingia ku jikoni. Wakahamia vile vile. Christella alisoma. Mwaka uliofuata alileta sertifika, na Honorine aliishika na mikono mbili, akamuamuru amusomee jina lake mara tatu.

Kisha juma moja, ku soko, mwanaume mumoja alisimama mbele ya maharagi ya Honorine. Ilikuwa direktere wa Ngezi. Alikuwa amekonda. Honorine alimujua, akamupimia maharagi, hakumuuliza kitu. Direktere alichukua mufuko, akaenda hatua mbili, akarudia.

—Mama, hakuna muzazi aliyewahi kuniuliza lile neno la sertifika kabla yako. Walioipata walikuwa tisa. Kati ya mia moja na tatu, tisa.