Kitabu Kilichogoma Kufunguka

Kila jioni, akishaosha vyombo na kumwagilia mchicha, Herieth alikuwa na kazi ambayo hakuna mwenzake wa darasa la sita pale Kibamba aliyekuwa nayo. Kaka yake, Elibariki, alikuwa akigeuza kitabu cha Mwalimu Felicitas wa shuleni kwao kuwa programu ya simu, na sauti iliyosoma hadithi yake ya kobe ilikuwa ya Herieth. Ukimgusa kobe, anatembea. Ukigusa kikapu chake, nyanya zinamwagika. Basi binti wa watu akawa anatembea kichwa juu mtaa mzima!

Jumatatu Elibariki alimpa simu na karatasi.

"Tafuta watoto watano wa darasa la pili. Kila mmoja mwachie simu, usimfundishe kitu. Andika anapokwama. Ijumaa mwalimu anawaonyesha wazazi."

Herieth aliona huko ni kujisumbua bure. Akajifungia chumbani, akaifungua programu mwenyewe mara tano, akaandika majina ya watoto watano wa jirani. Mbele ya kila jina aliandika: Hakukwama. Dakika kumi, kazi kwisha.

"Wote safi?" kaka yake aliuliza.

"Safi kabisa, kaka."

Jumatano Tusajigwe, mmoja wa wale watano, alitumwa kuomba chumvi. Herieth akampa simu kwa majivuno. "Hebu soma kitabu changu."

Tusajigwe akalamba kidole, akashika kona ya chini ya ukurasa, akavuta, kama afanyavyo shuleni. Ukurasa haukusogea. Akalamba tena, akavuta tena. Kimshale cha kufungulia, kilichokuwa juu pembeni, hata hakukiona. Akairudisha simu taratibu.

"Dada, kimegoma. Au mie ndo sijui kusoma?"

Herieth aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Mtoto yule alisoma vizuri kuliko wenzake wote. Akamfuata Elibariki mbio.

"Kaka, nisamehe. Ile karatasi niliijaza mwenyewe. Sikumpa mtoto yeyote."

Elibariki akauliza: "Kwa hiyo Ijumaa wangekwama mbele ya wazazi wao, waonekane wajinga?"

"Ndiyo," Herieth alijibu, machozi yakimlengalenga.

"Afadhali umesema leo. Chukua karatasi mpya."

Alhamisi Herieth alipita nyumba kwa nyumba, akakaa kimya, akaandika. Wote watano walilamba kidole! Elibariki akaitengeneza programu ili ukurasa ufunguke ukivutwa kona, na kwa kuwa kidole chenye mate huteleza kwenye kioo, Herieth akarekodi maneno mapya: "Futa kidole, kisha fungua."

Ijumaa, Tusajigwe alisimama mbele ya wazazi, akafuta kidole kwenye sketi, akavuta. Kobe akaanza safari. Akina mama wakapiga vigelegele. Alipofika ukurasa wa mwisho, akasoma kwa sauti majina ya waliojaribu kitabu, na jina lake lilikuwa la kwanza. Herieth alijivunia majina yale kuliko sauti yake mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema baadaye. Akamweleza yote, hata ile karatasi ya uongo.

"Marahaba, mwanangu," Mwalimu Felicitas alijibu, akimshika bega. "Njia ya mwongo ni fupi, nawe umeiacha mapema. Kazi unayowafanyia wengine usiipime kwa mikono yako. Ipime kwa mikono yao. Leo umenifanya nijivune."