Tangi Lililovuta Pumzi

Haya yalimpata kinyozi wa mtaa wetu, mtu mcheshi ambaye siku hizi ukimsalimia anaitikia kwa kichwa tu.

Alikuwa akinyoa upande wa mbele, na nyuma ya pazia dada yake mkubwa akishona nguo. Dada huyo ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, na mpaka kinyozi alipoota mvi bado alikuwa akimwuliza kama amekula.

Kinyozi alitaka tangi la samaki, watoto watulie wakati wa kunyolewa. Alisikia kuna mwanamke analigawa bure. Alimkuta sebuleni, tangi limejaa maji, pampu inabubujisha, samaki hakuna hata mmoja. Yule mwanamke aliuliza mara mbili kama kweli analitaka. Kisha alichomoa waya mwenyewe, akasimama ameupa mgongo mlango wa chumba cha ndani.

"Lichukue upesi, kaka yangu," alinong'ona.

Muuza samaki wa mapambo alimpa maelekezo. Asitumie sabuni. Aoshe kokoto mpaka maji yatoke safi. Ajaze, awashe pampu, asubiri wiki kadhaa maji yakomae, ndipo alete samaki.

"Wenzio wanafuga kuku wakala mayai," dada yake alimcheka. "Wewe unafuga maji!"

Lakini ndiye aliyekunja mikono na kuosha kokoto. Siku ya pili maji yalivurugika yakawa kama maziwa, ikabidi yapunguzwe. Dada alitumbukiza mpira, akauvuta kwa mdomo ili maji yaanze kutiririka. Yalimwahi. Alimeza funda zima, akakohoa, akacheka mpaka machozi.

"Yana chumvi," alisema. "Wewe umetia chumvi?"

Kinyozi hakutia chochote.

Mchana ule maji yakatakata yenyewe. Nyuma ya pazia cherehani ililia kama kawaida.

Duka lilikuwa na soketi moja. Asubuhi iliyofuata alikuja mteja, na kinyozi akachomoa pampu ili achomeke mashine ya kunyolea. Hakufika hata utosini. Nyuma ya pazia kitu kizito kilianguka.

Alimkuta dada sakafuni, macho yamemtoka, midomo imekuwa ya zambarau. Mteja alikimbilia maji ya kumnyunyizia. Dada hakuwa akitazama watu. Alikuwa akinyoosha kidole kuelekea kwenye soketi.

Kinyozi alichomeka pampu. Povu la kwanza likapanda. Dada akavuta pumzi.

Mteja alipoondoka walijaribu tena, wao wawili tu, mlango umerudishwa. Aligusa swichi. Kifua cha dada kikasimama. Akaiwasha. Kikapanda. Akatazama povu, akatazama kifua. Vilikwenda pamoja.

"Usichomoe," dada alinong'ona. "Mdogo wangu, usichomoe."

Hospitali walimpima wakasema mapafu mazima, apunguze mawazo. Kinyozi alirudi mbio kwenye ile nyumba. Ilikuwa imefungwa. Jirani alimweleza kwamba yule mama amehama baada ya kumzika baba yake, mzee aliyeuguzwa kitandani miaka na miaka.

"Alikufa lini?"

"Siku ile ile alipotoa tangi. Mlipishana kidogo tu. Wewe ulitoka na tangi, yeye akaanza kulia."

Kinyozi aliketi kizingitini. Amrudishie nani? Alivunje? Alimwage? Akili ilizunguka ikarudi pale pale: pampu isizime. Alifunga kazi ya kunyoa, akahamishia godoro dukani. Fundi umeme aliahidi betri kesho yake asubuhi.

Kesho yake umeme ulikatika kabla fundi hajafika.

Mashine zote za mtaa zilinyamaza kwa pamoja. Povu la mwisho lilipanda, likapasuka.

Kinyozi aliung'oa mpira wa pampu akaupuliza kwa mdomo. Povu. Dada akavuta. Akapuliza tena. Dada akavuta. Nje watu walipita, mmoja akachungulia, akaona mtu anapuliza mpira ndani ya tangi, akacheka akaenda zake. Kinyozi alitaka kumwita. Angemwitaje? Mdomo wake ulikuwa ndio mapafu ya dada yake.

Alipuliza. Kizunguzungu kikaja. Alipuliza. Mashavu yakafa ganzi. Alipuliza, na kila safari povu lilitoka dogo zaidi.

Dada alisogea kwa magoti. Aliweka mkono wake juu ya mkono wa kinyozi, mkono wa baridi, wenye maji.

Kinyozi alitikisa kichwa. Hapana. Hapana. Alizidi kupuliza, machozi yanamwingia mdomoni.

Dada aliuchukua mpira taratibu, kama anavyonyang'anywa mtoto kisu.

"Inatosha," alisema. Hakuwa na hewa ya kusema zaidi.

Majirani walikuwa bado wanamfunika kanga umeme uliporudi. Kinyozi aliurudisha mpira kwenye pampu, akalala kifudifudi kando ya dada yake, sikio kifuani. Povu lilipanda, likapanda. Kifua hakikupanda.

Baada ya maziko alilitoa tangi nje, akalipiga nyundo mpaka likawa unga. Cherehani aliwapa ndugu. Pazia akaling'oa. Mwezi uliopita alirudi kazini, maana tumbo halina matanga.

Mteja wake wa kwanza alikuwa jirani yangu, na ndiye aliyenisimulia.

"Fundi, kioo kina ukungu," alimwambia.

Kioo cha kunyolea, kilichotundikwa ukutani, kilikuwa na duara la mvuke, usawa wa uso wa mtu aliyeketi. Jirani alinyoosha mkono akalifuta kwa kiganja. Kiganja kilitoka kikavu. Mvuke ulikuwa ng'ambo ya pili ya kioo, upande wa ukutani.

Wakalitazama. Lilififia. Likajaa. Lilififia. Likajaa.