Kishubaka cha Kwamzindo

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba mwaka 1974, kabla dirisha la posta halijafunguliwa, barua moja ilikataa kuingia kwenye kishubaka cha Kwamzindo.

Posta yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha bati, kando ya barabara ya Korogwe kwenda Handeni. Kila asubuhi basi liliteremsha mfuko, na karani Zuena akachambua barua kwenye kabati la mbao lililosimama ukutani. Kila kijiji kilikuwa na kishubaka chake, jina limebandikwa juu. Asubuhi ile kishubaka cha Kwamzindo kilikuwa kitupu. Zuena aliiona hata mbao ya nyuma. Akaisukuma barua, ikaingia nusu, kisha ikarudi polepole mpaka kiganjani mwake, kama sahani inayorudishwa na mtu aliyeshiba.

Akajaribu tena. Ikarudi tena.

"Bwana Yordani," aliita, "hebu njoo utazame hiki."

Yordani, mkuu wa posta ile, alikuwa dirishani akipanga stempu. Alizaliwa kwenye kambi za mkonge, baba yake akiwa mkata mkonge, na hakuna kitu alichokiheshimu kama utaratibu.

"Kwamzindo kumehamwa," alisema bila kugeuka. "Labda na kishubaka kimehama."

"Ni barua ya mama yangu. Imetoka kwa kaka Mwinjuma, Tanga."

Hapo Yordani aligeuka. Alijua kwamba Zuena alizaliwa Kwamzindo. Alijua pia kwamba mwezi Agosti malori yalipokuja kuwabeba watu kwenda kijiji kipya cha Juhudi, Zuena alikuwa kazini, na aliyepakiwa ni mama yake, Mashavu, pamoja na Kudra, binti wa Zuena, ambaye alikuwa bado hajaanza shule na alilelewa na bibi yake. Watu walipewa muda wa kufunga mizigo tu. Malori yalipoondoka, mapaa yalitiwa moto ili asiwepo wa kurudi.

Yordani aliichukua barua, akaisukuma kwa dole gumba. Ikarudi.

"Kuna kitu kimekwama nyuma," alisema. "Na mimi nilishaandika Korogwe. Vijiji vinaongezeka kila mwezi, kabati ni lile lile. Ukutani pana nafasi tele, lakini hatuletewi kabati jingine. Tunabana vishubaka viwili mahali pa kimoja, lazima barua zikwame."

Ilikuwa sababu nzuri, na Zuena aliipokea. Akaiweka barua mezani, akaendelea na nyingine. Kazi pale ilifanywa kwa sauti. Yordani alikuwa amemfundisha kulitaja jina la kijiji kila anapotia barua, ili yeye aliye dirishani asikie na kumsahihisha. Kwa hiyo wapita njia walizoea kumsikia Zuena akiita kama mwadhini wa mambo ya serikali: Misima. Kerenge. Kwamzindo. Misima. Hata baada ya watu kuhamishwa, barua za Kwamzindo ziliendelea kuja, na Zuena aliendelea kuita.

Jumanne kishubaka cha Kerenge, kilichopakana na cha Kwamzindo, kilikataa barua. Jumatano kikafuata cha Misima. Barua zikaanza kupangwa sakafuni.

"Bwana Yordani," alisema Bibi Grasiana dirishani, mama wa makamo aliyesubiri barua ya mwanawe mwanajeshi, "hizo barua mnazigawa au mnazichumbia?"

"Kabati lina matatizo, mama."

"Kabati lina matatizo. Mwaka jana ilikuwa basi. Mwakani mtasema barua zenyewe hazitaki kusomwa."

Watu kwenye foleni walicheka. Zuena hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa akisikia harufu, na sasa aliitambua: nyasi za paa zilizoungua, zikanyeshewa kabla hazijaisha. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Juni.

Mchana aliitwa Fabiani seremala. Alilisogeza kabati, akabandua mbao ya nyuma. Hakukuwa na panya, wala barua iliyoanguka, ila majivu kidogo kwenye pembe, ambayo Fabiani aliyapuliza. Akarudi mbele, akakunja shati, akaingiza mkono kwenye kishubaka cha Kwamzindo. Mbao ya nyuma ilikuwa imelala sakafuni, kwa hiyo vidole vyake vilipaswa kutokea upande wa pili. Yordani aliyekuwa amesimama huko nyuma hakuviona.

"Umeingiza mkono?" aliuliza Yordani.

"Mpaka kwapani."

"Mbona siuoni?"

Fabiani alisogeza vidole huko ndani. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepapasa kitu gizani na kujaribu kukikumbuka.

"Kuna joto," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akasema, "Ni ubavu. Unapanda na kushuka. Zuena, dada yangu, usiseme kitu. Kimelala."

Aliutoa mkono taratibu. Akaondoka bila kudai chochote, na nyundo yake ikabaki juu ya meza.

Yordani alifunga mlango, akakaa. Alikuwa mtu wa utaratibu, na hofu ilipomshika alikimbilia huko huko.

"Kwamzindo haipo tena," alisema. "Kosa letu ni kuendelea kuipa nafasi. Toa hilo jina, bandika Juhudi. Barua zote za Kwamzindo ziandike upya, uzitie humo. Na uite kama kawaida, inakotoka na inakokwenda, nisikie."

Zuena alilibandua jina. Alikaa na rundo la barua, akaanza na ile ya mama yake.

"Kwamzindo kwenda Juhudi," aliita.

Barua iliingia. Haikurudi. Akaita ya pili, na ya tatu, na kila alipoita harufu ilipungua, na vile vishubaka vya Kerenge na Misima vikapokea, na mbao ikalia mara moja kama kitanda kinapoachwa na mtu mzito, na mlango uliokuwa umefungwa kwa komeo ukasukumwa kwa ndani, komeo likagonga, kisha kukawa kimya na upepo wa barabarani ukasikika tena.

"Umeona?" alisema Yordani akijifuta jasho. "Lilikuwa suala la nafasi."

Jumamosi kondakta wa basi, Athuman, alimletea Zuena ujumbe kutoka Juhudi. Mama yake alisema aje, mtoto hali chakula.

Juhudi kilikuwa kijiji cha mistari. Nyumba zilikuwa za miti na udongo ambao haujakauka, zote zikitazama upande mmoja. Mashavu alikuwa ameketi kizingitini, Kudra mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti. Usimwamshe kwa ghafla."

Lakini Kudra hakuwa amelala. Alimtazama mama yake bila kunyanyuka. Mbavu zilikuwa zimetokeza. Tumbo lilikuwa gumu, limejaa, kama la mtu aliyetoka karamuni.

"Tangu lini?" aliuliza Zuena.

"Usiku wa Jumatano. Nampa uji, anausukuma. Nampa muhogo, anausukuma. Hatapiki, haharishi. Anasema ameshiba."

Zuena aliinama. "Mwanangu, umekula nini?"

"Sijala," alisema Kudra. "Hakuna nafasi."

"Nafasi ya wapi?"

Mtoto aliweka kiganja juu ya tumbo, taratibu. "Humu. Amelala."

Zuena alimbeba, na nywele zake zilipomgusa puani alisikia nyasi zilizoungua na kunyeshewa.

Mzee Semboja, mganga aliyeitwa na Mashavu, alitoka Misima kwa baiskeli, kikapu cha dawa nyuma. Hakufanya mbwembwe. Alifukiza ubani, akasoma, kisha akauzima na kuongea na mtoto Kizigua, kwa upole, kama mtu anayeongea na mgeni aliyekaa mno. Mtoto hakujibu. Ila kila Semboja alipotaja Kwamzindo, lile tumbo lilipanda na kushuka.

Akawaita nje.

"Huyu si pepo wa kutumwa," alisema. "Ni mwenye mahame, wa pale mlipohama. Babu zenu walimkuta pale, wakaishi naye. Mkijenga mlimwambia, mkivuna mlimpa. Siku ya malori, nani alikwenda kumuaga?"

"Tulikuwa tunatafuta kuku," alisema Mashavu. "Hakuna aliyefika kwenye mawe ya mzimu."

"Basi alikaa kwenye majivu akiwasubiri. Halafu akasikia jina la kwake linaitwa, kila asubuhi. Akalifuata. Kuna mahali linaitwa?"

Zuena alijibu kwa shida. "Posta. Naita mimi."

"Huko hakuwa na ubaya, alikuwa na njaa na usingizi tu. Angekaa mpaka achoke. Ninachotaka kujua ni nani aliyemwonyesha njia ya hapa, mpaka nyumba yenyewe."

Zuena alimtazama mama yake, akatazama chini.

"Mimi," alisema. "Barua ya kwanza ilikuwa ya mama."

"Ulimwambia kwa kinywa?"

"Kwa kinywa. Ndiyo kazi yetu."

Semboja alifunga kikapu. "Basi kinywa hicho hicho kimrudishe. Kesho, jua likiwa utosini. Wa namna hii saa hiyo hawana kivuli cha kujifichia."

Wakaenda wanne, Kudra mgongoni kwa mama yake. Kwamzindo kulikuwa na kuta zisizo na mapaa na vizingiti vilivyoingiliwa na nyasi. Kwenye mzimu, penye mawe matatu na chungu kilichopasuka, Semboja alimwaga unga na maji, akamwashiria Zuena.

"Juhudi kwenda Kwamzindo," aliita Zuena.

Hakikutokea kitu. Semboja akamwashiria tena. Akaita mara ya pili, na mgongoni mtoto akawa mzito, kwanza kama gunia la mahindi, kisha zaidi ya gunia, mpaka magoti ya Zuena yakagusa ardhi, na harufu ikaja kutoka kila ukuta kwa pamoja ingawa nyasi zilikuwa kavu na jua kali, na shingoni mwake akasikia pumzi ambayo haikuwa ya Kudra, ndefu, ya kitu kikubwa kinachoamka, na Mashavu akawa anasema kwa kunong'ona, mwite mwanangu, usinyamaze, mwite, naye akaita kwa sauti ile ile ya posta, ya kila asubuhi, Juhudi kwenda Kwamzindo, Juhudi kwenda Kwamzindo, mpaka chungu kilichopasuka kikatikisika na unga kwenye mawe ukalala chini kama uliokaliwa.

Mgongo ukawa mwepesi.

"Mama," alisema Kudra, "nataka maji." Baada ya muda akasema, "Nataka na muhogo."

Zuena alilia hapo hapo, bila sauti. Semboja hakuinuka.

"Amerudi," alisema. "Kukaa ni jambo jingine. Mahame hayakaliki peke yake, hata kwa yeye. Anataka moshi wa jiko. Moto ukiwa unawaka hapa, na mtu wa hapa anaupuliza, atatulia. Ukizimika, ataenda anakokujua, kwa huyu mtoto."

Mashavu alikuwa tayari ameanza kuokota kuni.

"Mama, hapana," alisema Zuena. "Watakuja na lori."

"Waje. Mimi nimezaliwa hapa, na paa nitaezeka mwenyewe."

"Na ukiugua? Nani atakuletea maji?"

"Zuena." Mashavu alimtua Kudra kutoka mgongoni mwa binti yake, akamkumbatia, akamrudisha. "Mchukue mtoto ukakae naye. Usimlete huku, hata kunisalimia. Haya, nendeni, jua linapinda."

Walipogeuka kutazama nyuma, moshi ulikuwa umeanza kupanda.

Zuena alihamia na Kudra kwenye chumba chake cha kupanga. Huko posta alikirudisha kishubaka cha Kwamzindo, na Yordani, ambaye hakuomba maelezo, alimtengenezea nafasi kwa kuviunganisha vijiji vingine viwili. Zuena aliacha kuita. Yordani hakumlazimisha. Barua za Mwinjuma kwa mama yake ziliingia bila kurudi, na Athuman alizipeleka hadi njia ya mahame, akazibana chini ya jiwe. Alisema kila alipopita aliuona moshi. Kudra alinenepa.

Ijumaa, tarehe 10 Januari 1975, Zuena alifungua mfuko akakuta barua kutoka Tanga. Akaisukuma kwenye kishubaka cha Kwamzindo. Iliingia nusu, kisha ikarudi polepole mpaka kiganjani mwake.

Hakuita mtu. Alisimama vile mpaka Athuman alipoingia kuchukua barua za njiani.

"Dada Zuena, umeshapata habari?" aliuliza Athuman kwa sauti ya chini. "Jana jioni lori lilipita kwa mama. Nimemwona juu yake, na chungu chake. Wanasema wamempeleka Juhudi, ila anauliza moto tu, nani ameuzima."

Zuena alitoka bila kufunga droo. Nyumbani jirani alimwambia kwamba mtoto alikuwa mzima, alicheza asubuhi yote, na sasa yuko ndani anakula.

Kudra alikuwa ameketi mkekani. Mbele yake palikuwa na ugali na mlenda, haujaguswa. Alipomwona mama yake, aliisukuma sahani kwa kiganja, polepole, mpaka ikagusa mguu wa mama yake.