Mzee Matete Akiitwa

Matanga yalikuwa yameshaanuliwa na masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, mjane alipoukuta mto wa kiti cha marehemu umelowa chapachapa.

Aliubonyeza kwa kidole. Yakatoka maji meusi kidogo, yenye harufu ya tope na majani yaliyooza. Akatazama dari, kavu. Mvua hata dalili haikuwepo. Akajisemea kwamba ni watoto wa wageni hao, akauanika mto uani na kurudi kwenye cherehani. Alikuwa fundi wa nguo, na sare za shule zilikuwa zimefurika kapuni tangu mumewe alipozidiwa. Mwenye sare hata akupe pole ya namna gani, mwisho wa pole atauliza sare yake.

Na alikuwa amechoka. Alimuuguza mume yule kwa muda mrefu: kumwinua kitandani kwa kumshika makwapani, kumfuta, kumgeuza, kumlaza, na kabla yeye mwenyewe hajakaa, kumwinua tena kwa sababu kikohozi kimembana. Siku alipokata roho mjane alilia sana, kisha akaona haya, maana katikati ya kilio kile aliwaza: sasa baba wa watu atapumzika, na mimi nitalala. Hakulala. Nyumba ilijaa waombolezaji, waandishi wa habari, na watu wasiojulikana waliotaka kupiga picha na kiti.

Marehemu walimwita Mzee Matete. Alikuwa mpiga zeze, na nyimbo zake zote zilihusu kinamasi kilicho nyuma ya mji: matete yake, vyura wake, maji yanayochujwa pale kabla ya kuingia visimani mwa watu. Matajiri walipotaka kukifukia wajenge maghala, alikwenda kuketi mbele ya matingatinga, zeze mapajani, akaimba mpaka madereva wakazima injini wenyewe. Wakamkamata. Wakamwachia. Akarudi palepale na zeze lake. Nani asingempenda mtu wa namna hiyo?

Jukwaani alikuwa na mtindo wake. Hakuanza mpaka aitwe. Watu wangepaza sauti, "Mzee Mateteee!" naye akiwa bado nyuma ya pazia angeitikia, "Nipo!" Hapo ndipo zeze lingelia.

Mtindo huo ndio uliowaponza. Siku ya mazishi, udongo wa kwanza ulipoanza kuanguka, mtu mmoja alishindwa na uchungu akaita, "Mzee Mateteee!" Umati wote ukapokea. Na jibu likaja, jembamba, la mtu aliyeamshwa usingizini: "Nipo." Watu waliangua kilio, wakaenda mmoja mmoja kumshika mkono kinyozi wa mtaa. Kinyozi ndiye katibu wa kamati ya kulinda kinamasi, na ndiye mwenye spika, kwa hiyo walidhani ni yeye aliyeweka kanda ya zamani. Kinyozi hakukataa sifa. Lakini baadaye, mjane alipomshukuru, alijikuna kisogo akasema kwa sauti ndogo, "Mama, spika siku ile haikuwa na chaji."

Duka la kinyozi huyo lilikuwa ukuta kwa ukuta na nyumba ya mjane. Kila asubuhi kinyozi alifungua duka kwa kanda ya onyesho la zamani, umati ukiita na Mzee akiitika, ili, kama alivyosema, mtaa usimsahau. Na kila asubuhi mjane aliukuta mto umelowa.

Mchana mmoja wa joto umeme ulikatika na mtaa wote ukatulia. Mjane alikuwa akipinda upindo wa sketi, nusu macho, nusu usingizi. Umeme uliporudi, spika ya kinyozi ikaamka yenyewe katikati ya kanda. "Mzee Mateteee!"

Sebuleni, upande wa pili wa pazia, kiti kikalia.

Kisha kikaja kikohozi. Alikijua. Kilianza kikavu, kikashuka kifuani, kikaisha kwa mluzi mdogo. Mguu wake ukasimama juu ya pedali. Harufu ya tope ikapita chini ya pazia na kuenea chumbani taratibu, harufu ya mahali ambapo jua halifiki, na ingawa kila mfupa wake ulimwambia akimbilie mlango wa uani, mikono iliyomhudumia mtu yule usiku na mchana haikuweza kukisikia kikohozi kile ikakaa bure, kwa hiyo aliinuka, akasogea, akashika ncha ya pazia, na pale alipolifunua kidogo tu alimwona mumewe amekaa kitini na sanda yake, maji yakimtiririka vidoleni, vidole vikicheza hewani juu ya zeze ambalo halikuwepo, na nyuma yake kitu kirefu, kirefu mno hata kikainamisha shingo kwa sababu ya dari, chenye rangi ya bua la matete lililokauka, kimemshika makwapani kwa upole na ustadi, kama vile yeye mwenyewe alivyokuwa akimshika, kikimweka sawasawa ili asianguke.

"Nipo," alisema mumewe. Hakusema kwa mtu yeyote. Kisha akageuza uso. "Fundi." Ndivyo alivyomwita mkewe siku zote, nusu utani, nusu heshima. "Waambie waache. Kila wakiniita, ananiinua. Nimechoka, Fundi."

Kanda ilipokwisha, kiti kilikuwa kitupu. Mjane alikaa chini sakafuni penye maji, akalia kwa hasira. Mwanadamu kaugua, kateseka, kafa, na hata kufa hawamwachii!

Alimwita wifi yake. Dada huyo wa marehemu alikuwa mganga tangu ujana, na alifika akijikongoja kwa fimbo, akitukana ngazi.

"Wewe unatibu watu, magoti yako yanakushinda?" mjane alimchokoza, maana utani wa mawifi hauishi hata kukiwa na jini sebuleni.

"Mganga hajigangi, wifi. Niletee maji ya kunywa." Aliingia sebuleni, akanusa, akashika mto, akautua haraka. Alipozungumza alikuwa akinong'ona. "Kwa hiyo hajamwachia."

"Nani?"

"Mwenyeji wa kinamasi." Wifi alikaa mbali na kiti. "Nikuambie ukweli, kaka yangu hakuzaliwa na kipaji. Alipokuwa kijana akiimba, mbwa walihama mtaa. Siku moja akaenda kukata matete, akachelewa kurudi, na aliporudi alikuwa na wimbo. Yule kiumbe aliogopa watu watapafukia kwake. Akataka mtu wa kuwafanya wapapende. Akampa nyimbo kwa sharti moja tu: ukiitwa, uitike. Kaka akaona mteremko. Kuitika kuna ugumu gani?"

"Na kifo hakikulivunja sharti?"

"Kingelivunja. Ilitakiwa aitwe mara moja akiwa amekufa, asiitike, basi, mkataba umekwisha. Lakini tulimwita kabla udongo haujamfunika, roho bado iko karibu, akasikia. Akaitika." Wifi alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Hata mimi niliita, wifi. Kwa sauti yangu yote."

Mjane alimweleza habari ya Jumamosi. Kamati ilikuwa imeitisha mkutano wa kumkumbuka Mzee, kwenye uwanja ulio kando ya kinamasi, na watu wangetoka pande zote.

Wifi alikitazama kiti. "Akiitwa na redio ya kinyozi, anainuliwa mpaka kitini, kisha anarudi. Akiitwa na uwanja mzima, hatarudi kulala tena. Atabaki kulekule kinamasini, anaimbishwa, mpaka maji yakauke."

Jioni hiyohiyo mjane alikwenda kwa kinyozi. Alimkuta akinyoa mteja, akangoja mpaka mteja akatoka.

"Mwanangu, Jumamosi muimbe mpendavyo. Ila msimwite."

Kinyozi alicheka, kisha akaona kwamba hatanii. "Mama, matingatinga yanakuja asubuhi ileile. Kibali wamepata. Sisi wakili hatuna, mkubwa wa kututetea hatuna. Tuna jina lake tu. Watu wakiita, madereva wale watakumbuka, watazima injini. Wasipoita, wewe niambie, mkutano ule utakuwa wa nini?" Akaushika mgongo wa kiti cha kunyolea. "Mimi nilijifunza kunyoa kwa kumnyoa yeye. Nilimkata sikio, akasema sikio liko la pili. Unataka nisimwite?"

Mjane alitazama ndoo ya maji pembeni mwa kiti cha kunyolea, maji ya kisima, safi. Kijana huyu angemjibu nini akimwambia kuhusu jini? Angemhurumia tu, angesema mama kazidiwa na majonzi. Na kinamasi je? Mumewe aliyatoa maisha yake kwa ajili ya kinamasi kile. Kukizika ili yeye alale kungekuwa kumzika mara mbili. Alirudi nyumbani bila kuaga.

"Ipo njia nyingine," alimwambia wifi. "Nakuona unavyoikwepa."

"Sitaki kuitaja."

"Itaje."

Wifi alizungusha fimbo mkononi. "Mwenye pumzi akiitika kabla yake, sharti linamhamia. Mara moja inatosha. Lakini ni la maisha, wifi, na huko baada ya maisha. Ningelichukua mimi, ila yule hamtaki mganga, tunajuana vizuri mno."

"Mimi sijui kuimba."

"Kaka yangu alijua?"

Walitazamana, na pamoja na yote wakacheka, kicheko cha chini chini cha wanawake wawili waliochoka, mpaka kikageuka kitu kingine na wifi akaukamata mkono wa mwenzake. "Usifanye. Umemuuguza vya kutosha. Hakuna atakayekulaumu."

"Najua hakuna," alisema mjane.

Jumamosi uwanja ulijaa tangu jua halijapanda. Mjane alikaa nyuma ya pazia la jukwaa kwa sababu wenyewe walimpa heshima hiyo, zeze la mumewe likiwa limeegeshwa kando yake. Kwa mbali injini za matingatinga zilinguruma zikikaribia ukingo wa matete. Kinyozi alishika kipaza sauti, akajaribu kuhutubia, akashindwa. Akainua mkono tu. Kila mtu alijua maana yake.

Kabla ya sauti kuja, harufu ilikuja. Ilipanda kutoka chini ya mbao za jukwaa, tope na majani yaliyooza, na pale kando yake, mkono ungemfikia kama angeunyoosha, mumewe alianza kuonekana, kwanza maji, kisha sanda, kisha uso uliokunjamana kama wa mtu anayejua kwamba anaamshwa na hawezi kuzuia, na juu ya mabega yake ile shingo ndefu ikiinama, ikingoja, na mjane akahisi ulimi wake umekuwa mzito, akahisi woga ambao hajawahi kuuhisi hata usiku ule wa mwisho wa kumuuguza, na uwanja mzima, wazee, wanawake, watoto mabegani mwa baba zao, wote waliompenda, wote waliotaka tu kumsikia mara moja zaidi, ukavuta pumzi kwa pamoja.

"Mzee Mateteee!"

Mdomo wa mumewe ulifunguka.

"Nipo!" alipaza mjane.

Kikohozi kilichoanza kumpanda mumewe kikakatika katikati. Mumewe alimtazama, akaelewa, akataka kusema kitu. Badala yake akashusha pumzi ndefu. Mjane aliijua pumzi ile. Aliitoa kila alipolazwa vizuri, shuka ikanyooshwa. Kisha hakuwepo. Mahali pake palikuwa pakavu.

"Lala, baba," alisema mjane. Furaha ilimjaa mpaka akatetemeka.

Wanakamati walimleta mbele ya watu. Vidole vyake vyenye makovu ya sindano vililishika zeze, na vikajua pa kugusa. Aliimba wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, naye mwenyewe aliusikia pamoja nao kwa mara ya kwanza. Kinyozi alilia waziwazi. Kule ukingoni injini moja ikazimika, halafu nyingine, madereva wakashuka, wakasimama na kofia mikononi. Kinamasi kilikuwa kimepona siku ile.

Wimbo ulipokwisha alilitua zeze. Magoti yalimuuma. Alitaka kitu kimoja tu, kwenda nyumbani, kufunga mlango na kulala mpaka kesho kutwa. Aliteremka, akamkuta wifi yake anamngoja na fimbo yake. Wakaanza kuondoka polepole, wameshikana mikono.

Nyuma yao uwanja ulikataa kutawanyika. Watu walikuwa wamempata mtu wao tena. Wakaanza kuita jina lilelile, wakicheka na kulia, kwanza wachache, kisha wote.

"Waambie wanyamaze, wifi," alinong'ona mjane. "Nimechoka."

Wifi aligeuka, akapunga fimbo, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Hawakusikia. Walidhani anashangilia.

Na karibu kabisa na sikio la mjane, kwa adabu zote, sauti ambayo haikutoka kifuani mwa mtu ikasema, "Pole na kazi, Fundi."

Alikaza meno kwa nguvu zake zote. Yakafunguka. "Nipo," alisema, akageuka kurudi jukwaani.