Mbuzi wa Mama Anastasie

Kila alipotoka shule, Vahwere alibadilisha nguo, akachota maji bombani, kisha akafagia uwanja wa nyumba yao mtaani Bankoko. Siku za mvua aliongezewa kazi ya kupanga sufuria chini ya matundu ya paa. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu, na mdogo wake Aaron hakuacha kukohoa tangu mvua zianze. Muuguzi alishasema wazi kwamba kifua cha mtoto hakitapona katika nyumba yenye unyevu.

Mama yao, Jeannine, alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini. Yeye na wenzake wa sendika, chama cha kutetea wafanyakazi wa afya, walikuwa na koperative yao. Kila mmoja aliweka humo akiba kidogo, na mwenye shida alikopeshwa. Mama alikuwa ameomba mkopo wa mabati mapya. Ilimpasa kupata mwanachama wa kumsimamia, yaani kusimama mbele ya wenzake na kumshuhudia. Mama Claire, aliyefua naye kwa miaka mingi, alikubali.

Jumatano alasiri Papa Hubert, dereva wa hospitali na mjumbe wa kamati ya mikopo, alipita kuiona nyumba. Alimkuta Vahwere uwanjani na ufagio mkononi. Pembeni walikuwa wamefungwa mbuzi wa jirani yao, Mama Anastasie, aliyekimbia vita upande wa Kpandroma na kupanga chumba kisicho na uwanja. Papa Hubert alitazama paa, akatikisa kichwa, kisha akauliza mbuzi wale ni wa nani.

Vahwere alisita. Shuleni rafiki yake Michée alikuwa amemcheka, akisema banki haimpi maskini hata franga moja. Kwanza inataka kuona mali. Basi Vahwere akaona amepata njia ya kumsaidia mama yake.

"Iko yetu, Papa," alijibu. "Ya mama."

Papa Hubert aliaga, akaondoka. Vahwere alifurahi mno, hata akawakatia mbuzi wale majani kana kwamba ni wao kweli.

Ijumaa mama alirudi, akaketi kizingitini bila kuvua viatu. Kwa sauti ndogo alieleza kwamba mkopo umesimamishwa. Aliiambia kamati hana mfugo wowote, na sasa inasemekana anaficha mbuzi ili aonewe huruma. Mama Claire amekataa kumsimamia.

"Miaka yote tunafua pamoja," alisema. "Leo ananiangalia kama mwizi."

Ndani Aaron alikohoa. Vahwere akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini alitazama mabega ya mama yake yalivyolegea, akashindwa.

"Mama, ni mimi," alisema, akasimulia yote huku machozi yakimtoka.

Mama alivua viatu, akaviweka kando. Hakumpiga.

"Kesho iko mukutano wa wanachama wote," alisema mwishowe. "Utawaambia. Uongo ulipeleka weye. Mimi siwezi kuurudisha."

Kesho yake chumba cha sendika kilijaa watu. Vahwere alisimama, akasema mbuzi ni wa jirani, mama yake hakujua lolote, naye alidhani maskini hakopeshwi.

"Na kesho atatuonyesha ngombe ya nani?" mzee mmoja aliuliza, watu wakacheka.

Vahwere aliinamisha kichwa, ila hakukimbia. "Hakuna ngombe, Papa. Hata kuku hatuna."

Kicheko kikakoma. Mama Claire akainuka taratibu, akakaza kitenge chake, akabaki amesimama kando ya Jeannine. Aliomba radhi kwa kumshuku mwenzake bila kumuuliza. Mkopo ukakubaliwa.

Wiki iliyofuata mabati yalinunuliwa, na Papa Hubert, siku yake ya mapumziko, alipanda juu kusaidia kupigilia. Vahwere, aliyekuwa akimpa misumari, alimuuliza jambo lililomsumbua. Kwa nini waliwakopesha, ikiwa hawana kitu?

Papa Hubert aliweka nyundo chini.

"Sikia, mutoto wangu. Koperative yetu si ya tajiri anayetafuta faida. Franga zile ni jasho la wale mama na papa uliowaona. Tukisema tukopeshe wenye mbuzi tu, nani kati yetu atakopeshwa? Siye tunamukopesha mutu juu ya neno lake. Neno la mama yako lilikuwa zima, na weye, kwa kumupenda, ulikaribia kulivunja. Ukitaka kumusaidia mutu, usimusaidie na uongo. Masikini akipoteza mbuzi, atatafuta mwingine. Akipoteza neno lake, nani atasimama kando yake?"

Vahwere akamnyooshea msumari mwingine.