Kitufe cha Kusitisha

Kila alipotoka shule, Kidomo alipanda ngazi hadi ofisi ya shangazi yake, chumba kimoja juu ya duka la viatu. Shangazi alitengeneza programu za simu, na Kidomo alimsaidia kuujaribu mchezo wake mpya wa hesabu. Aliupenda mno, akalitangazia darasa zima, "Ni bure kabisa!"

Siku moja aliingia ofisini akihema, uso umemvimba kwa hasira.

"Shangazi, mchezo wenu unakula hela za mama yake Miwani!"

Miwani alikuwa rafiki yake wa dawati moja, na mama yake alikuwa msusi. Miwani aliposikia ni bure, aliuweka mchezo kwenye simu ya mama yake. Wiki ya majaribio ya bure ilikwisha kimyakimya, kisha simu ya msusi ikaanza kukatwa hela kila siku. Mama wa watu alitafuta pa kuusitisha hadi macho yakamuuma. Sasa alikuwa amemkataza Miwani kuandamana na "yule mtoto tapeli".

Mshirika wa shangazi, ambaye wote walimwita Bosi, hakuinua hata kichwa. "Maelezo yapo, chini kabisa. Asiyesoma shauri yake."

"Kusoma tunajua!" Kidomo alijibu. "Maandishi yenyewe kama miguu ya sisimizi! Na kitufe cha kusitisha mmekificha wapi?"

"Mtoto, hii ni biashara. Nenda nyumbani."

"Siendi. Na kesho nitasimama mbele ya darasa niwaambie wote waufute."

"Thubutu!"

"Nitathubutu!" Kidomo hakusogea. Akamgeukia shangazi yake. "Wewe ungemwekea bibi mchezo huu kwenye simu yake?"

Shangazi alivuta kompyuta yake.

"Kitufe kinakuja ukurasa wa kwanza," alisema. "Na kabla wiki haijaisha, mtu anaulizwa kama anataka kuendelea. Asipojibu, hakatwi."

"Wateja watatukimbia!" Bosi alifoka.

"Wakimbie. Waliokatwa bila kujua tutawarudishia."

Jioni ile shangazi alimwambia Kidomo wakamwombe msusi radhi.

"Mimi? Mimi nimekosa nini?"

"Ulisema bure kabisa. Ulikuwa unajua?"

Kidomo alichukua mkoba wake wa shule, akamfuata ngazini.

Walimkuta msusi akimsuka mteja mlangoni pake. Shangazi alimweleza jinsi Kidomo alivyowatetea waliokatwa hela, na kwamba zake zitarudishwa. Kidomo alimwamkia, akasema, "Nisamehe, mama. Nilisifia nisichokijua. Lakini mimi si tapeli."

Msusi alimtazama, vidole bado vimeshika msuko, halafu akacheka. "Mdomo unao, mwanangu, na leo umeutumia vizuri kumtetea mwenzako. Ila siku nyingine, kabla hujamwambia mtu kitu ni bure, uliza kwanza ni bure mpaka lini." Akageuza shingo kuelekea ndani. "Miwani! Toka, rafiki yako amekuja."